Nitulize, Mwenzangu

Kwenye chumba cha kufungashia mablanketi hapakuwa na kioo. Zamani kilikuwepo kimoja, kimetundikwa kwa msumari karibu na mlango. Kikadondoka, kikavunjika, na ingawa wanawake walifagia mpaka migongo ikawauma, kipande kimoja kilisafiri ndani ya blanketi hadi kitandani kwa mteja. Tangu hapo ikapigwa marufuku: hakuna kioo, hakuna chupa ya glasi, na simu zinaachwa kwenye makabati ya nje. Aliyetaka kujua anaonekanaje ilimbidi amuulize mwenzake.

Na kuuliza ilikuwa lazima, kwa sababu ya shoti. Mablanketi yale yalikuwa ya nailoni, yenye manyoya laini pande zote mbili, na kila yalipokunjwa na kupangwa yalisuguana yakajaa umeme. Miezi ya ukavu ukigusa kitasa cha mlango cheche inakuruka kidoleni. Wanawake walivaa kofia za nailoni ili nywele zao zisiangukie bidhaa, na kofia hizo ndizo zilizokuwa balaa lenyewe. Jioni ukiivua, nywele zinainuka nayo, zinaifuata hewani kana kwamba hazitaki kuachana nayo.

Aliyeteswa zaidi ni mwanamke mmoja mwenye nywele nyembamba, laini, alizozinyoosha kwa dawa tangu ujana wake. Za wenzake zilitimka tu. Zake zilisimama wima, moja moja, zikapepea hata madirisha yakiwa yamefungwa. Wakambandika jina la Antena, naye akalipokea, maana kulikataa jina la utani kazini ni kulipigilia misumari.

"Antena, hebu geuka kidogo, nataka kusikiliza taarifa ya habari," Mama Mizani alikuwa akimwambia. Huyu Mama Mizani ndiye aliyepima uzito wa marobota, na hakuna kilichopita mbele yake bila kupimwa, kiwe mzigo au neno.

"Leo nimeshika muziki tu," Antena anajibu, wanacheka wote.

Alicheka nao, lakini moyoni ilimchoma. Akitoka getini bila kutulizwa, alitembea njia nzima amekishika kichwa kwa mkono mmoja kama mtu anayezuia kofia isipeperushwe na upepo.

Kutulizwa ilikuwa desturi ya chumba kile. Jioni wanawake walijipanga kwenye bomba la uani, wawili wawili. Unaanza kwa kushika bomba lenyewe, la chuma, ili shoti ikutoke mwilini. Unalowesha viganja, unavikung'uta, unatia tone la gilisarini, unavisugua. Kisha unapitisha viganja kichwani kwa mwenzako kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, polepole, na ukifika utosini unatua kidogo, unakandamiza. Chanuo la plastiki, ambalo nalo huzaa shoti, halikuguswa. Ukiligusa unaanza upya. Mwisho mtulizwaji anauliza, "Tayari?" na mtulizaji anajibu. Jibu hilo halikutiliwa shaka na mtu yeyote, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kujua. Ukiambiwa tayari, unajitwisha mkoba unakwenda.

Antena alitulizwa na Pasi. Pasi alikuwa mwanamke mnene, mpole wa maneno, mwenye viganja vizito vya moto, na jina lake lilitokana na viganja hivyo. Kichwa kilichowashinda wengine kilinyooka mikononi mwake. Hawa wawili walianza kazi msimu mmoja, walikunja blanketi moja kila mmoja ameshika pembe zake, na walikwishazoeana hata hawakuhitaji kuhesabu "moja, mbili" kabla ya kukunja.

Manyoya ya mablanketi hayakuishia kwenye nywele. Yaliingia puani, yakashuka kifuani. Antena alikuwa ameanza kukohoa kikohozi kikavu, kirefu, cha kumwinamisha. Nyumbani, binti yake wa mwisho alizoea kusoma masomo yake kwa sauti, na mama akianza kukohoa alinyamaza, akaweka kidole kwenye mstari, akangoja, kisha akaendelea palepale alipoishia. Kidole kile kilimuumiza Antena kuliko kikohozi chenyewe.

Daktari wa zahanati hakuzungusha maneno. "Mama, toka kwenye vumbi hilo."

"Nitoke niende wapi, daktari?"

"Popote penye hewa."

Mumewe, fundi baiskeli, alimwambia aache kazi, kisha hakurudia tena, kwa kuwa wote wawili walijua baiskeli peke yake haziwezi kuwalisha.

Ndipo ilipopatikana nafasi ya duka la mbele. Kiwanda kilikuwa na duka lake upande wa barabarani, lenye madirisha mapana, feni, na kiti nyuma ya kaunta. Muuzaji wa zamani alikuwa amehama mji. Mke wa mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Mama Mwenye Duka, aliingia chumba cha kufungashia akiwa ameziba pua kwa leso.

"Nataka mmoja wenu," alisema. "Wateja wananilalamikia kwamba mablanketi yetu yanapiga shoti. Nataka mtu anayeweza kujifunika blanketi mbele ya mteja, akalivua, na kichwa chake kikabaki kimetulia. Mteja anataka joto. Hataki umeme."

Msimamizi wa zamu alitaja wawili waliodumu kazini kuliko wote: Pasi na Antena. Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Antena, imekula kwako!" Mama Mizani alisema. "Wewe ukijifunika blanketi, mtaa mzima unapata taa."

Antena alijichekesha. Pasi hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya robota, ameinyoosha miguu yake iliyovimba kwa kusimama kutwa, na viatu kavivua.

"Atatulia," alisema. "Nitamtuliza mimi."

"Si na wewe unakitaka hicho kiti?"

"Nakitaka sana. Miguu hii mnaiona. Lakini nikikipata, nikipate kwa haki, si kwa sababu mwenzangu ametimka."

Siku ya kujaribiwa, wote wawili waliitwa uani mchana, kabla ya chakula. Msimamizi akatoa kichwa mlangoni akasema Pasi ataanza. Pasi alivua kofia yake, akavishika kidogo vidole vya Antena, vilivyokuwa baridi kwa wasiwasi.

"Nitulize, mwenzangu. Nikitoka, na mimi nitakutuliza."

Akainama. Antena alishika bomba, akalowesha viganja, akatia gilisarini. Alianza mbele. Nywele za paji zikalala. Za pembeni zikalala. Alipofika kisogoni aliona kishungi kimesimama, kigumu, kikaidi, kimenasa nyuzi nyeupe za manyoya ya blanketi. Kilikuwa kitu kidogo. Ilihitajika kukitoa manyoya, kukilowesha, kukandamiza na kutua. Alikwisha kufanya hivyo jioni nyingi mno hata viganja vyake vilikuwa vimekwishaanza kushuka.

Kifua kikamwasha. Akageuka akakohoa, akajishikiza kwenye bomba, akakohoa tena. Kilipotulia alikiona tena kile kishungi, na akaona na kiti, na feni, na kidole cha binti yake kwenye mstari wa kitabu. Hakuna alichoamua. Baadaye alijitetea hivyo mara nyingi, kwamba hakuna alichoamua, na mara zote utetezi huo ulimchefua mwenyewe. Viganja vyake vilibaki hewani, kisha akavipangusa kwenye sketi.

"Tayari?" Pasi aliuliza, bado ameinama.

"Tayari. Umetulia kama maji ya mtungini."

Pasi alinyooka, akatabasamu, akaingia.

Ukuta kati ya uani na duka ulikuwa wa mbao. Antena alisikia salamu, akasikia blanketi likikunjuliwa, akasikia sauti ya Pasi ikieleza ubora wa manyoya, vizuri, bila haraka. Kisha kicheko cha Mama Mwenye Duka kikapasuka.

"Loo! Mbona kama jogoo aliyeshtuliwa usingizini? Geuka tena, mama, geuka nikuone!"

Na msimamizi naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayemchekea mkubwa wake.

Antena alibaki amelishika bomba. Alitamani kukimbia, lakini angekimbilia wapi, na zamu yake ilikuwa inafuata? Alijifanya anafunga koki ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Pasi alitoka. Uso wake ulikuwa uleule, ila macho aliyatupa chini.

"Vipi?" Antena aliuliza.

"Wamecheka."

"Wamecheka nini?"

"Sijui. Labda namna yangu ya kuongea." Akakunja mikono ya blauzi. "Inama."

"Haina haja, mwenzangu, nitajipitishia maji mwenyewe tu..."

"Inama, nimesema. Unaitwa sasa hivi."

Antena aliinama. Pasi alishika bomba, akalowesha viganja, akavisugua kwa gilisarini mpaka vikapata moto. Viganja vikapita kwenye paji, vizito na taratibu, vikateremka pembeni, vikazilaza zile nywele nyembamba moja baada ya nyingine. Vilipofika kisogoni vikasimama. Vilikaa hewani kitambo, kuliko ilivyo kawaida. Antena alikuwa anaitazama sakafu ya saruji na tone la maji lililokuwa likijiviringisha kuelekea kwenye shimo la kutolea maji. Kisha viganja vikatua, vikakandamiza kwa nguvu, vikabaki hapo.

"Tayari," Pasi alisema, kabla hajaulizwa.

Ndani ya duka, Antena alijifunika blanketi la rangi ya zabibu, akazunguka, akalivua kwa mikono miwili kama alivyoelekezwa. Hakuna unywele uliothubutu kuinuka. Hata msimamizi, aliyemjua kwa lile jina la Antena, alikodoa macho.

"Huyu ndiye!" Mama Mwenye Duka alipiga makofi. "Kichwa kimelala kama kimepigwa pasi. Sasa mwenzako yule, jamani, hana hata mtu wa kumwambia kwamba nyuma kumesimama?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Antena alipajua wakati uleule kuwa ndipo.

"Labda alikuwa na haraka, mama," alisema.

Alipewa kiti. Duka lilikuwa vilevile alivyoliwaza. Hewa ilipita dirishani na kutokea mlangoni, na baada ya majuma machache aliweza kupanda ngazi ya rafu bila kusimama katikati. Binti yake sasa alisoma ukurasa mzima bila kungoja. Mumewe alisema, "Umerudi," akimaanisha usingizi wake, rangi yake, sauti yake. Antena aliitikia na kutazama pembeni.

Maana nywele zilihitaji kutulizwa kila siku, na aliyezijua ni mmoja. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alipitia uani, na kila asubuhi Pasi alikuwa pale bombani, viganja vimelowa. Hawakuongea mengi. "Inama." "Asante, mwenzangu." Antena alikuwa akitoka pale kichwa kimelala vizuri, bila kumtazama Pasi usoni. Alipanga kusema kesho yake. Kesho ikifika aliinama tu.

Pasi naye alikuwa ameanza kufunga kitambaa kichwani, kimekazwa mpaka kwenye nyusi, asubuhi mpaka jioni. Jioni hakujipanga bombani na wengine. Akiulizwa alisema, "Nasikia baridi," na jua linachoma mabati.

Siku moja asubuhi Mama Mizani aliegemea kaunta ya duka, akajifanya anatazama bei.

"Mwenzako ana nini kichwani?"

"Hana kitu."

"Watu wanasema zimenyonyoka. Wengine wanasema ni ugonjwa wa ngozi. Yule binti anayeshonea lebo ameomba ahamishwe meza, hataki kukunja naye." Akapunguza sauti. "Mimi nawaambia kuna mtu mmoja tu anayekijua kichwa cha Pasi. Ndiyo nimekuja kwako. Kina nini?"

Antena akashika blanketi lililokuwa karibu, akaanza kulikunja upya. Mteja akaingia. Alimkunjulia blanketi juu chini, akamtajia bei ya shuka, akaomba radhi, akakosea tena. Mama Mizani alimtazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri mshale wa mizani usimame, kisha akaondoka zake.

Saa ya chakula ilipofika Antena alifunga duka akapita mlango wa nyuma, moja kwa moja mpaka chumba cha kufungashia. Vumbi likamkaba mara tu alipoingia. Wanawake walikuwa bado wanamalizia robota la mwisho. Pasi alikuwa mezani peke yake, anakunja blanketi kwa kulishikiza upande mmoja na kidevu.

"Jamani," Antena alisema, akakohoa. "Jamani, nisikilizeni. Kichwa cha Pasi hakina ugonjwa."

Mikono ikasimama.

"Siku ya kujaribiwa dukani alinipa kichwa nimtulize. Nyuma kulikuwa na kishungi, na manyoya ndani yake. Nilikiona. Nikamwambia tayari." Alikohoa tena, akaendelea. "Akaenda kuchekwa. Kisha akarudi akanituliza mimi, nikaenda nikapewa kiti. Mama Mwenye Duka akaniuliza, nikasema alikuwa na haraka. Basi. Ni hayo."

Hakuna aliyetania. Antena angefurahi kama Mama Mizani angesema lolote, hata tusi. Mama Mizani alikuwa anaitazama sakafu.

"Nilijua," Pasi alisema. Hakuinua macho kutoka kwenye blanketi.

"Ulijua?"

"Lile kabati la duka lina mlango wa kioo. Nilijiona nilipogeuka."

"Kwa hiyo uliporudi..."

"Nilijua, ndiyo."

"Na bado ukanituliza?"

Pasi aliweka blanketi chini. "Usinifanye mtu mwema. Nilipofika kisogoni nilitaka kuziacha. Wallahi, nilitaka utoke ukachekwe, nikusikie kupitia zile mbao kama ulivyonisikia. Mikono ikakataa. Imezoea. Nimeichukia mikono yangu tangu siku hiyo."

Alivuta fundo la kitambaa, akakivua. Nywele zake zilikuwa zote, nzima, nyingi, na zikainuka na kitambaa zikasimama kila upande. Binti wa lebo aliinama akajifanya anatafuta sindano.

"Nilifunga hiki kwa sababu sikutaka mtu aniguse kichwa na kuniambia tayari," Pasi alisema. "Na wewe usije bombani asubuhi. Sitaki tena."

"Sawa," Antena alisema.

Alipofika mlangoni aligeuka. Mama Mizani alikuwa amekwishatoka kwenda kulowesha mikono, amerudi inamdondoka maji, amesimama nyuma ya Pasi bila kumgusa. "Naomba," alisema. Pasi aliweka kitambaa mezani, kisha akainamisha kichwa.

Mchana uleule Antena alimwambia na Mama Mwenye Duka, habari nzima, akiwa amesimama. Alikuwa amejiandaa kurudishwa kwenye vumbi, na kwa namna fulani alikuwa analingoja jambo hilo. Mama Mwenye Duka alimsikiliza huku anahesabu foronya.

"Na yeye anasemaje? Anakitaka kiti?"

Aliitwa Pasi akaulizwa. Akasema hapana, asante. Hataki kiti cha kupewa baada ya kuchekwa.

"Basi wewe kaa," Mama Mwenye Duka alimwambia Antena. "Mimi natafuta muuzaji. Hayo mengine ni yenu."

Akabaki dukani. Kwa kuwa hapakuwa na wa kumtuliza, alikwenda kwa kinyozi akazikata zote, zikabaki fupi kiasi cha kutoweza kusimama wala kulala. Mumewe alimzunguka akimtazama, akasema amependeza, akasema tena ili aonekane anamaanisha. Blanketi sasa halikumfanya kitu. Mauzo yakapanda. Kule ndani hawakumwita tena Antena, wala hawakumwita kwa jina lingine. Walimsalimu, "Hujambo," wakapita.

Chakula cha mchana alikuwa akila dukani, kaunta imegeuzwa meza. Siku moja, bila kujua atasema nini, alibeba bakuli lake akaenda kwenye benchi refu la uani. Wanawake walikuwa wamekwisha kula, Pasi peke yake ndiye aliyebaki, miguu ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Antena alikaa ncha ya pili ya benchi. Pasi hakusogea karibu. Hakuondoka pia.

Wakala. Kijiko kiligonga bakuli.

"Kifua vipi?" Pasi aliuliza, anatazama mbele.

"Kimepona. Karibu chote."

"Afadhali," Pasi alisema, na alimaanisha.

Antena aliinamia bakuli lake, akaweka kijiko chini.